Vigae vya Darasa la Sita

Jumatano, tarehe ishirini na saba mwezi wa tano. Siku hiyo darasa letu la sita, katika shule moja ya Kamembe, lilimpoteza Vestine, msichana wa miaka kumi na mmoja, mwenye pengo katika meno ya juu na mwandiko mzuri kuliko sisi wote. Hakufa siku hiyo. Alitoka tu mlangoni na mfuko wake wa daftari. Lakini ndiyo siku tuliyompoteza, na naiandika tarehe kwa sababu hakuna aliyeiandika mahali pengine.

Mwezi uliopita tulimzika Mwalimu Kalisto. Watu watano walisimama mbele ya kaburi wakaeleza jinsi alivyokuwa mwalimu mwema, jinsi alivyoipenda historia, jinsi alivyowapenda watoto. Mimi nilisimama nyuma pamoja na wanawake, kitenge kimenifunika mdomo. Karibu na makaburi fundi alikuwa akibadilisha paa la nyumba, na vigae vya zamani alivitupa chini kimoja kimoja. Kila kimoja kilipovunjika nililiona lile darasa. Niliondoka kabla ya sala ya mwisho. Nilidhani hasira yangu imeshazeeka; kumbe ilikuwa imelala.

Wakati ule historia ya nchi yetu haikufundishwa. Vitabu vya zamani vilikuwa na sumu ya chuki, vikaondolewa. Vipya vilikuwa havijaandikwa. Kila Jumatano kulikuwa na saa moja ya historia kwenye ratiba, na hakuna aliyejua la kuweka ndani yake. Mwalimu Kalisto aliijaza na Wagiriki na Warumi. Alikuwa amezaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa wazazi waliokimbia zamani, akarudi baada ya vita akiwa mtu mzima, na kwa kuwa wengi wetu tulisema Kiswahili nyumbani, alisema nasi Kiswahili cha huko. Kitabu alikipata kwa padri mmoja kule Mibirizi. Hakikuwa na jalada, kilinuka panya na mshumaa, na alikibeba kifuani kama mtu anayebeba mtoto mchanga. Alitufundisha Wagiriki kwa sababu hakuruhusiwa kutufundisha habari zetu wenyewe. Hilo nimelielewa nikiwa mtu mzima. Wakati ule nilidhani Athene ni mji ulio mahali fulani nyuma ya Bukavu, na kwamba sheria zake zinaweza kutufikia.

Nilikaa benchi moja na Vestine. Baba yangu alikuwa mshonaji, aliuawa kwenye kizuizi cha barabara mwaka wa mauaji ya kimbari. Baba yake Vestine alikuwa gerezani, akishtakiwa kwamba alisimama kwenye kizuizi hichohicho. Darasa zima lilijua. Hatukuwa tumeamua kukaa pamoja. Tulipangwa kwa urefu, na sisi wawili ndio tulikuwa wafupi. Kisha tukazoeana. Mahindi ya kuchoma alinivunjia nusu, daftari lake la hesabu nililinakili. Habari za baba zetu hatukuzigusa. Kila Ijumaa hakuja shuleni, kwa sababu alimpelekea baba yake chakula gerezani, maharage na ndizi ndani ya sufuria ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Siku za Jumatatu mfuko wake bado ulinuka maharage.

Nyuma yetu alikaa Fidèle, mkubwa kuliko wote, miaka kumi na mitano, aliyerudi kutoka kambi za wakimbizi za Zaire. Aliwapiga wadogo na kuwanyang'anya kalamu. Alikuwa na maneno yake kwangu, aliyasema polepole, mdomo karibu na shingo yangu: "Zaina, weye yatima, unakala benchi moja na mutoto ya muuaji. Aya, endeleya."

Jumatano ile Mwalimu aliingia akiwa na furaha. Alituambia kwamba Waathene walikuwa na desturi. Mara moja kwa mwaka waliweza kukusanyika, na kila raia akachukua kipande cha chungu au cha kigae, akakwaruza juu yake jina la mtu mmoja anayemwona ni hatari kwa mji. Vipande vilihesabiwa. Mwenye jina lililozidi alipewa siku kumi za kuondoka, akae mbali miaka kumi. Hakupigwa, hakuuawa, nyumba yake na shamba lake havikuguswa. Baada ya miaka kumi alirudi, akafungua mlango wake, akaendelea kuishi.

"Tutafanya vile," alisema. "Muende muokote vigae, kila muntu kimoja. Kule chini kuna nyumba yenye ilianguka, biko bingi."

Nyumba yenye ilianguka. Haikuanguka. Ilibomolewa, nayo ilikuwa yetu. Yeye alikuwa mgeni, hakujua, nami sikusema. Tulishuka mbio, watoto arobaini na watatu, tukapanda juu ya kuta. Mimi nilijua pa kwenda: upande wa jiko, ambako vigae vilikuwa vyeusi kwa moshi wa mama yangu. Nilichukua kimoja. Ndicho nilichoandikia.

Darasani tuligawiwa misumari. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, tunaweza kukuandika weye?"

"Andika," Mwalimu akasema. "Lakini mutihani nitasahihisha miye."

Tulicheka sana. Nataka msomaji alijue hilo: tulikuwa tunacheka. Kisha ikasikika misumari tu, na Fidèle akaniinamia. "Utaandika nani? Ama unalinda rafiki yako? Ukimulinda, tutakuandika weye."

Nikaandika Vestine.

Watu wachache niliowasimulia jambo hili huniambia upesi: ulikuwa na haki, baba yako aliuawa. Sitaki kupewa sababu hiyo. Baba hakunijia kichwani hata kidogo. Niliandika kwa sababu sikutaka jina langu liandikwe. Nilikunja mkono wangu wa kushoto kuzunguka kigae ili Vestine asione, naye alikuwa ameinama juu ya chake, ulimi nje, akikwaruza kwa uangalifu kama mtu anayeandika barua.

Mwalimu alivikusanya ndani ya beseni, akaanza kuvisoma. "Vestine." Watu wakacheka. "Fidèle." Wakacheka zaidi. "Kalisto! Ah, nani huyu?" Kisha Vestine. Vestine. Vestine. Kufikia cha kumi hakuna aliyecheka. Nilimwona Mwalimu akitoa kigae, anakitazama, anasoma. Angeweza kumwaga lile beseni. Angeweza kusema kengele imelia. Angeweza kudanganya, asome jina lolote lililomjia, nani angejua? Aliendelea. Alisoma vyote arobaini na vitatu, akaandika hesabu ubaoni kwa chaki, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema: vinahesabiwa. Vestine, thelathini na kimoja.

Halafu akatabasamu, jasho juu ya mdomo, akatafuta mzaha. "Basi, Vestine. Kule Athene bangekupatia siku kumi ufunge mizigo."

Vestine alisimama, kama tulivyofundishwa kusimama tukisema na mwalimu. "Siku kumi kuanzia leo, Mwalimu?"

Mwalimu akacheka. Alidhani mtoto naye anatania. "Kuanzia leo."

Zamu ya kufagia ilikuwa yangu. Mwalimu aliniagiza nivitupe vigae kwenye mtaro. Nilipovimwaga niliuona mwandiko wa Vestine, ile herufi F yenye mkia. Alikuwa ameandika Fidèle. Katika watoto wote arobaini na watatu, sidhani kama kulikuwa na mwingine aliyeulizwa nani ni hatari kwa mji akajibu swali. Nilikitia mfukoni, sijui kwa nini. Vestine alikuwa ananingoja ukutani kama kawaida, tukapanda njia pamoja.

"Weye uliandika nani?" akaniuliza.

"Fidèle."

"Na miye," akasema.

Ndilo neno la mwisho aliloniambia lililo na maana. Baada ya hapo alisema tu kwamba ndara yake imekatika.

Alhamisi hakuja, nikadhani ni ndara. Ijumaa ilikuwa siku yake ya gerezani. Jumatatu benchi lilikuwa langu peke yangu, na jirani yao akasema nyumba imefungwa. Ndipo habari ikaanza kuja vipande vipande. Vestine alimwambia mama yake kwamba shuleni watu wote wameandika majina, yamehesabiwa, lake limezidi, na Mwalimu amewapa siku kumi. Katika nchi nyingine mama angecheka, au angekwenda shuleni kugomba. Mama Vestine alikuwa ameona, mwaka wa mauaji, majina yakiandikwa na kuhesabiwa, na alijua kinachofuata. Hakungoja siku ya kumi. Hakungoja hata ya pili. Alfajiri ya Alhamisi walivuka daraja la Rusizi pamoja na wanawake wanaopeleka nyanya sokoni, wakaingia Bukavu.

Jumatano iliyofuata Mwalimu Kalisto hakusema neno juu ya lile benchi. Alifungua kitabu akaanza Warumi. Alisema Warumi walikuwa watu wa aina nyingine. Kwa Wagiriki, ulikuwa raia ikiwa wazazi wako ni raia. Mgeni angekaa Athene yeye na babu yake, akalipa kodi, akapigana vita vya mji, akafa mgeni. "Kama miye Bukavu," akasema, "miaka makumi tatu banasema rudi kwenu." Lakini Roma hata mtumwa akiachwa huru na bwana wake aliweza kuwa Mrumi, na mtoto wake akawa Mrumi kamili. Aliacha kitabu, akatembea kati ya mabenchi. Aliipenda sehemu hiyo, ilimtoka moyoni. Hilo ndilo linalonichoma zaidi. Hakuwa mjinga. Alijua kufukuzwa ni nini kuliko sisi sote.

Kisha akaeleza kwamba zamani watu wa kawaida wa Roma walichoshwa na wakubwa, wakatoka mjini wote pamoja, wakaenda kukaa juu ya kilima. Mji ukabaki bila mafundi na bila askari. Wakubwa wakamtuma mzee mmoja akawabembeleze, naye akawasimulia hadithi ya tumbo na viungo vya mwili, jinsi visivyoweza kuishi vikiachana. Wakakubali, wakapewa watetezi wao, wakarudi.

Nikanyanyua mkono. Ilikuwa wazi kabisa kwangu. Tulikuwa tumefanya ya Wagiriki, sasa tumefika kwa Warumi. Basi sasa mtu anatumwa.

"Mwalimu, uende weye. Unajua Bukavu. Uende ubembeleze Vestine na mama yake."

Darasa likacheka. Fidèle akapiga benchi kwa kiganja. Mwalimu hakucheka. Alisema kwa sauti ndogo, "Ule muzee alitumwa na baraza ya bakubwa. Miye nani amenituma?"

Jibu la swali hilo nililipata baadaye. Vigae thelathini na kimoja vilimtuma. Beseni lilimtuma. Lakini nilikuwa mtoto na nililichukua swali jinsi lilivyo, nikaenda kutafuta wa kumtuma. Mkuu wa shule aliniambia nirudi darasani. Kiongozi wa mtaa alikuwa akinyoa ndevu mlangoni. Akasema aliyekimbia bila kufukuzwa ana sababu zake, akaendelea kunyoa. Nikabaki na mama yangu.

Mama aliuza vitenge na alivuka kwenda Bukavu mara mbili kwa wiki. Nilimkuta anachambua mchele wa Bugarama kwenye ungo. Nilimwambia. Hakuinua kichwa.

"Unajua papa yake alikuwa wapi siku ile?"

"Najua, Maman."

"Unajua, na unataka miye niende kubembeleza muke yake."

Akapeta ungo mara moja.

"Nani aliandika ile jina?"

"Darasa."

"Darasa haina mukono. Nani?"

"Na miye pia."

Alinipiga kofi moja, mchele ukamwagika, tukauokota wote wawili. Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu aliondoka na vitenge vyake, na jioni aliporudi alikaa kwenye kigoda bila kuvua viatu, akasimulia kana kwamba anausimulia ukuta.

Aliwapata kwenye chumba cha kupanga, huko juu kwenye mtaa wa Kadutu. Vestine alikuwa amelala kwenye mkeka na homa. Mama Vestine alipomwona mlangoni alirudi nyuma hadi ukutani, akidhani amekuja kulipiza.

"Maman Zaina, ni weye? Unakuya kuniita, weye?"

"Ni miye. Ilikuwa muchezo ya shule. Rudi kwako."

"Muchezo," yule mwanamke akasema. "Na ile ingine haikuanza na majina?"

 Mama aliketi kwenye mkeka, akamfunika mtoto kwa kitenge kipya, cha ndege wa kijani, alichokuwa amekipeleka kuuza. Walikubaliana kwamba homa ikiisha watarudi.

Nilifurahi kuliko sikukuu. Nilifuta vumbi upande wa Vestine wa benchi. Homa ilikuwa malaria, ikaisha, ikarudi, na mama kila alipovuka aliambiwa wiki ijayo. Halafu vita vikaanza tena huko ng'ambo. Tulisikia milio ya bunduki ikivuka ziwa lililo kati yetu na Bukavu, askari wakapita Kamembe usiku na mchana, na mpaka wa nchi ukafungwa. Ulipofunguliwa mama alikuwa wa kwanza kwenye daraja. Chumba kilikuwa na watu wengine. Mwenye nyumba alisema mwanamke na msichana waliondoka kwa miguu na kundi la watu kuelekea milimani, msichana akiwa amejifunga kitenge cha ndege. Basi. Hapo ndipo habari yao inapoishia. Mama aliuliza miaka mingi, kwa wafanyabiashara, kwa wakimbizi, kwa mapadri. Hakuna aliyewaona.

Mimi nilikuwa na hesabu yangu. Miaka kumi. Niliamini, na niliamini muda mrefu kuliko inavyofaa kukiri, kwamba miaka kumi ikiisha atarudi, kwa sababu ndivyo sheria ilivyosema, na kwamba nyumba yao haitaguswa. Mabati yalipoibwa nilikwenda kuwaambia wenye kuyabeba kwamba haifai, hata Wagiriki hawakugusa nyumba. Walicheka mpaka wakashusha mzigo. Mwaka uliofuata nyumba ilipewa familia nyingine. Walipanda maua mbele ya mlango.

Mwalimu Kalisto aliendelea kufundisha Wagiriki na Warumi. Binamu yangu alisoma kwake miaka minne baadaye, nikaomba kuona daftari lake. Athene ilikuwemo, bandari, hekalu, baraza la raia. Vigae havikuwemo. Alikuwa ameviondoa. Kwa hiyo alijua, na siku zote hizo tulipokutana njiani alinisalimu, "Zaina, maman hajambo?" kisha akatazama viatu vyake. Kama angesema neno moja tu, kwamba nilikosa, tulikosa, twende tukatafute, nisingeondoka kaburini kwake kabla ya sala. Hakusema. Na mimi sikumlazimisha, kwa hiyo sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe na siwezi kuizika pamoja naye.

Ilipita miaka kumi na miezi michache. Baba yake Vestine alitoka gerezani. Gacaca, mahakama ya wanakijiji, ilisema alisimama kwenye kizuizi siku ile, na kwamba mkono wake haukuua. Adhabu yake alikuwa ameshaimaliza. Mama alikuwepo akasikiliza yote, akarudi nyumbani akalala na nguo zake. Kisha yule mtu alikuja kwetu. Majirani walimwambia kwamba mama yangu ndiye aliyewaona watu wake mara ya mwisho. Alisimama nje ya ua, mwembamba, shati likiwa na mikunjo ya kukaa sandukuni, asithubutu kuingia. Mama alimtolea kigoda nje. Akamweleza yote kuhusu Kadutu, homa, kitenge. Kisha akaingia ndani akafunga mlango, kwa sababu hayo ndiyo aliyoyaweza.

Tukabaki wawili. Yule mzee akasema, "Ile Ijumaa ya kwanza nilingoja chakula. Nikasema labda mutoto ni mugonjwa. Ya pili nikajua."

Nikamwambia, "Papa, ile jina, na miye niliandika. Ya kwangu ilikuwa kati ya ile thelathini na moja."

 Alitazama mikono yake, kisha yangu. "Yeye alijua?"

"Hapana. Aliniuliza, nikamudanganya."

Nilikwenda ndani nikachukua kigae kutoka chini ya nguo zangu. Nikampa. Ulikuwa mwandiko wa mtoto wake, naye hakuwa na kitu kingine chake. Alipitisha kidole juu ya zile herufi, akasoma polepole.

"Fidèle. Huyu ni nani?"

"Kijana mwenye alikuwa anapiga batoto badogo."

Akaitikia kwa kichwa mara mbili, taratibu, kana kwamba ameletewa ripoti ya shule. Akakifunga kigae ndani ya kitambaa, akakitia mfuko wa shati. Kisha akasimama, akaniuliza siku hizi karatasi ya kuvukia kwenda Bukavu inatolewa dirisha gani. Nikavaa viatu, nikashuka naye mpaka mpakani, nikamwonyesha.